Timu za Zamani na Kichwa cha Bilal

Small Heath, Birmingham
Oktoba 2018

Kaka yangu Rashid,

Sikuulizi hali. Hali yako naisikia kila Jumatatu kwenye grupu letu la simu: sauti imeshiba, imelala vizuri, imekaa kitako huko Columbus ikiwafundisha watu ni timu ipi ilikuwa kubwa kuliko zote tangu Wamarekani waanze kugombania ule mpira wao wenye umbo la yai. Watu wanakuita Profesa. Jina hilo nilikupa mimi, na leo nalijutia.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki. Na barua yenyewe nimeiweka wazi, mbele ya hao hao wanaokuita Profesa, kwa sababu ya jibu ulilompa Baba Liban Jumamosi iliyopita. Nitafika huko. Kwanza wenzako wanijue, maana wengi wanaijua namba yangu tu. Mimi ni dada yako, wewe ndiye uliyeniachia ziwa. Tumelelewa nyumba moja Eastleigh, tumekula sahani moja, na mchezo huu tumeujua siku moja.

Unaikumbuka siku hiyo. Baba alikuwa fundi wa friji, na mwalimu mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anahama Nairobi alimlipa kwa vitu badala ya pesa: televisheni, mashine ya video, lile boksi zito la kupunguza nguvu za umeme, na katoni ya kanda. Mama alitarajia sinema za Kihindi. Tukaketi wote mkekani, Baba akabonyeza, wakatokea wanaume wenye mabega kama makabati wakigongana kama kondoo dume. Baba akauliza, "Hawa wanagombania nini?" Mama akatazama kwa muda, akasema, "Mshikeni huyo mwenye shati la mistari. Kila akipiga filimbi wanaanza kupigana. Ndiye anayewachochea." Wewe ulicheka mpaka ukalalia mgongo.

Tulizitazama kanda zile mpaka zikaanza kukwaruza. Pittsburgh weusi na njano. Miami waliocheza msimu mzima bila kufungwa hata mechi moja. San Francisco na zile pasi zao fupi fupi za kuchosha adui. Chicago ambao walinzi wao walikuwa wakikimbilia mtu kama wamemfuma nyumbani kwao. Na kwa kuwa kanda zilikuwa zimechanganyika katonini, sisi tulidhani timu zote hizo zinacheza wakati mmoja. Tulikuwa tunangoja siku Pittsburgh watakapokutana na Chicago. Kila kanda mpya tuliyoitia tulisema, leo ndiyo leo.

Baba ndiye aliyesoma karatasi za kanda akatwambia kati ya timu hizi mbili kuna miaka kumi, hawa walipoanza kung'ara wale walikuwa wamezeeka. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na hukula chakula cha jioni. Kesho yake ulichora uwanja sakafuni kwa mkaa, ukaniletea vifuniko vya soda, ukasema, "Basi tutawakutanisha sisi." Tangu siku hiyo hatukuacha kuwakutanisha.

Na tulipofika Birmingham, wewe ukiendesha basi la Coventry Road, mimi nikiwa msaidizi wa wauguzi kwenye ile hospitali kubwa karibu na Harborne, ubishi ule tulikuja nao. Jumapili baada ya alasiri unaingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, unajimiminia chai ya maziwa, na kabla hujakaa umeshaanza.

"Walete hao wako wa leo, uwarudishe miaka ya sabini. Wakati ule mlinzi alikuwa na ruhusa ya kumsumbua mdakaji njia nzima. Uone kama watafika mapumziko."

Nami nikikujibu, "Wewe walete hao wako wa sabini mbele ya majitu ya leo. Mtu mpana kuliko friji, na anakimbia kama swala. Pittsburgh watasukumwa kama toroli za supamaketi."

"Vikombe vinne katika misimu sita, wewe!"

"Siku hizo mchezaji alikuwa mali ya timu, hahami. Leo mishahara ina kikomo, kila mwaka nusu ya timu inaondoka, na bado New England wanarudi fainali. Nani kafanya kazi ngumu zaidi?"

"New England!" Ulitaja jina hilo kama mtu anayetema mbegu ya limau. "Mrushaji wao ukimgusa bega, mwamuzi anatoa kitambaa cha faulo. Hao ni watoto wa mayai."

Mimi nilisimama na San Francisco, kwa sababu walishinda kwa akili. Wewe ulisimama na Pittsburgh, kwa sababu walishinda kwa maumivu. Tulikubaliana kwenye Chicago peke yake, kwamba ulinzi wa kutisha kama ule haujapata kutokea. Na hata leo nikiwa na hasira hii nasema hivyo hivyo, maana hasira haibadilishi kile macho yangu yalichokiona.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Ligi ilipopiga marufuku kumgonga mtu kwa kichwa, tulicheka sote wawili. Mimi ndiye niliyesema hivi karibuni watavalishwa shanga. Na wale wachezaji wa zamani walipokwenda mahakamani kwa ajili ya vichwa vyao, wanaume waliokuwa simba kwenye kanda zetu na sasa wanasahau majina ya watoto wao, wewe ulisema, "Wanataka hela tu." Nilikuwa nimetoka zamu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemlisha uji mzee aliyekuwa bondia ujanani, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko ananiuliza mimi ni nani. Nilijua. Nikanyamaza, nikakuongezea chai. Kosa hilo ni langu na silibebeshi mtu.

Mwanangu Bilal alikuwa akikaa mezani pale pale. Baba yake alipofariki Bilal alikuwa na miaka sita, na wewe ndiye uliyemshika mkono. Siwezi kukunyima hilo. Ulimpeleka shule kwa basi lako, akikaa kiti cha mbele kama mtoto wa waziri. Ulimfundisha kusali, kunyoa ndevu, kurusha ule mpira ukazunguka hewani bila kuyumba. Alikuita abti, kama watoto wa Kisomali wanavyomwita mjomba, lakini alivyolitamka, mtu angedhani anasema baba. Vile vifuniko vya soda ulimpangia na yeye. Alikua akiijua Pittsburgh kuliko alivyoijua Nairobi.

Alipoanza chuo na kuhamia Selly Oak, kwenye nyumba ile ya wanafunzi watano na bafu moja, alijiunga na timu ndogo ya mtaa inayocheza mchezo huu Jumapili. Timu ya watu wa kazi za kawaida: mafundi, walimu, wanafunzi, hata muuza samaki mmoja. Ukaenda naye. Haukupita mwezi ukawa msaidizi wa kocha, unasimamia walinzi. Ulinipigia simu na furaha ya mtu aliyeangukiwa na bahati. "Dada, tumeanza kuishi zile kanda."

Sasa nifike siku yenyewe. Wenzako wasome vizuri, kwa sababu wewe hujawahi kuwasimulia.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi na moja mwaka jana, uwanja umelowa. Mimi nilikuwa zamu. Saa tisa hivi simu ya wodi ikalia, muuguzi mkuu akaniambia, "Shuka chini kwenye dharura, ni mwanao." Nilishuka ngazi badala ya kungoja lifti. Nilimkuta Bilal amelala, shingo imefungwa, macho yamefumbuliwa lakini hayanitazami. Viatu vyake vya mpira vilikuwa bado na matope. Wewe ulikuwa umesimama kichwani pake na koti lile la kocha, uso umekuwa wa majivu.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole. Akakuuliza, "Amegongwa kichwa mara ngapi leo?"

Ukasema, "Mara moja."

Akauliza tena, maana wanafundishwa kuuliza tena. "Una hakika? Hakuna pigo lingine kabla ya hili?"

"Mara moja tu, daktari. Nilikuwa pale pale."

Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu ananijua, tumefanya kazi pamoja. Nami nikamwambia, "Huyu ni kaka yangu. Akisema moja ni moja." Nikiwa na sare yangu, Rashid. Nikiwa na kitambulisho changu kifuani. Nilikudhamini.

Wakampima, wakampiga picha ya kichwa, wakashukuru hakuna damu iliyovuja. Wakasema ni mtikisiko wa ubongo. Wakatupa maelekezo ya mtu aliyegongwa mara moja: apumzike, arudi darasani taratibu, akizidiwa aje. Kwa walichoambiwa, wangefanya nini zaidi?

Bilal hakwenda taratibu. Alikuwa na mtihani. Wiki ya pili alirudi darasani, akakaa chini ya zile taa nyeupe, akatapika kwenye treni ya kurudi mpaka watu wakahama behewa wakidhani amelewa. Nikimpigia ananiambia, "Mum, I'm fine." Wiki ya tatu alinipigia yeye, asubuhi, ananiuliza njia ya kwenda maktaba aliyoiendea mwaka mzima. Nikamwambia usisogee, kaa hapo hapo. Nikamkuta ameketi kwenye ukuta nje ya duka la kuku, ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia kimya kimya kama mtu mzima. Nilimrudisha nyumbani kwangu, kwenye chumba chake cha zamani, nikafunga mapazia. Alikaa gizani wiki nyingi. Hakuweza kusoma ukurasa mmoja. Sauti ya kijiko kwenye kikombe ilimuumiza. Chuo kikamruhusu asimamishe mwaka.

Na wewe ulikuja. Ulikuwa unakuja na ndizi na juisi, unakaa ukingoni mwa kitanda, unamshika mguu. Nilikuhurumia! Nilimwambia Mama, ambaye naye yuko nasi huku Birmingham, angalia Rashid alivyokonda, anaumia kuliko mimi. Mwezi wa kumi na mbili ukatuaga. Binamu yetu amekupatia kazi ya lori Columbus, makaratasi yametoka, bahati haingoji. Ulimkumbatia Bilal kwa muda mrefu mpaka nikatoka chumbani kuwapa nafasi. Nilikufungia sambusa za safari.

Januari akaja Heri. Wenzako hawamjui: ni rafiki wa Bilal, kijana wa Kikongo aliyezaliwa Bukavu, alicheza naye kwenye mstari ule ule wa ulinzi. Alikuja na bakuli la sombe, kile kisamvu chao, kutoka kwa mama yake, akavua viatu mlangoni, akakaa nami jikoni kwa kuwa Bilal alikuwa amelala. Kisha akasema kwa Kiswahili chao:

"Mama Bilal, mimi ninaona haya. Kisha lile pigo la kwanza, sisi wote tulicheka."

Nikauliza, "Pigo la kwanza lipi?"

Akanitazama akaona sijui. Nadhani angetamani kurudi alikotoka, lakini alikuwa ameshaanza. "Mbele ya mapumziko. Aligongwa, akaamuka, akaenda kuikala ku banc ya wale wengine. Tulizani anafanya blague, anachekesha tu. Ule mama wa huduma ya kwanza akakuja kuuliza. Tonton Rashid njo akajibu pahali pake, akasema iko bien, ni pumzi tu imekatika. Bilal akamwambia, abti, sauti zinatoka mbali. Mimi nilisikia, Mama. Nilikuwa karibu kama hivi. Tonton akamshika kofia, akamwambia wale ba Pittsburgh walicheza mbavu zimevunjika. Akamurudisha."

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria. Sikumbuki nilikiweka wapi.

Mwanangu aligongwa, akaenda kukaa kwenye benchi la maadui, na wewe ukaliona. Wewe unayejua kila kanuni ya kila zama. Unayeweza kumwambia mtu mlinzi wa kulia wa Chicago alisimama hatua ngapi. Uliona mtoto hajui timu yake ni ipi, na ukamrudisha uwanjani. Hilo peke yake ningeweza kulimeza, Wallahi. Mtu hukosea kwenye joto la mchezo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kukusaidia kukosea kwa miaka ishirini ya kucheka. Lakini saa moja baadaye ulisimama mbele ya daktari, joto limeshapoa, ukaulizwa mara mbili, ukadanganya mara mbili. Ulijilinda wewe. Kichwa cha Bilal ndicho kilicholipa.

Nilikupigia siku hiyo hiyo. Nilisema neno moja tu: "Heri amekuja." Nilisikia redio ya lori lako. Kisha ukavuta pumzi, ukaniambia kwa ile sauti yako ya Profesa, "Dada, maji yakimwagika hayazoleki."

Nikakwambia, "Maji hayakumwagika, Rashid. Uliyamwaga."

Ukakata. Hujapokea simu yangu tangu Januari, lakini Jumatatu iliyofuata ulituma ujumbe kwenye grupu, dakika kumi nzima, kulinganisha San Francisco ya zamani na New England ya sasa. Niliusikiliza wote. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, mwanangu yuko chumba cha juu amefunikwa macho kwa taulo, na sauti yako inasema vijana wa leo hawana moyo.

Nilimwendea Mama. Alikuwa amekaa na tasbihi yake, akanisikiliza mpaka mwisho, akalia. Kisha akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao. Meza, mwanangu. Usimwanike ndugu yako. Msitiri, nawe Mungu atakusitiri." Nilimheshimu Mama. Nikakusitiri miezi tisa. Mtu mmoja tu nilimwambia, yule daktari. Nilikwenda na Bilal kliniki, na kabla hajatuuliza lolote nikasema, "Niliyokwambia siku ile hayakuwa kweli. Yalikuwa mapigo mawili. Andika." Nilidhani atanifukuza. Aliandika, akaweka kalamu, akaniuliza kama mimi mwenyewe ninalala. Tangu hapo wakabadilisha mpango wake wote, wakampa mtaalamu wa kumfundisha upya kusoma kwa dakika chache chache, kutembea, kuvumilia mwanga. Miezi miwili ilikuwa imepotea. Miezi ile ya mwanzo, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kumtunza zaidi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, nimefunga mdomo, mpaka Jumamosi iliyopita.

Baba Liban, wenzetu mnamjua, yuko Minneapolis, mtu wa utani na picha za ngamia. Aliandika kwamba Liban wake amegongwa Ijumaa kwenye mechi ya shule. Amekuja nyumbani, ametapika mara mbili, anasema kichwa kinavuma, lakini anaomba asiambiwe kocha kwa sababu Ijumaa ijayo ni mechi kubwa. Akauliza, "Wakubwa, nifanye nini?" Aliuliza kwa unyenyekevu. Na kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, ukajibu wewe.

Ulicheka kwanza. Kisha ukasema, "Mpe maji, alale, Ijumaa arudi. Wale wa Pittsburgh walikuwa wanatapika pembeni na kurudi. Ndiyo maana mpaka leo tunawataja."

Watu wakakuwekea vidole gumba.

Nilikuwa kituo cha basi, Coventry Road, mvua inanyesha. Nilijua sasa kwamba hujajifunza kitu. Kwamba mwaka mzima wa Bilal gizani haukukufundisha kitu kwa sababu hukuwahi kukubali kwamba ulitokea. Mama alinifundisha kumsitiri ndugu, lakini mimi nimefundishwa pia kwamba mficha uchi hazai, na hapa aliyekuwa anafichiwa ni wewe, na atakayeumia ni mtoto wa mtu.

Sikuandika kwenye grupu. Nilimpigia Baba Liban moja kwa moja, pale pale kituoni, nikaacha mabasi mawili yapite. Nikamweleza mimi ni nani na mwanangu ni nani. Nikamwambia, "Mchukue sasa hivi. Usingoje Jumatatu. Na ukiulizwa amegongwa mara ngapi, usijibu wewe, muulize yeye." Akasema, "Lakini Profesa amesema..." Nikamwambia, "Profesa ndiye aliyekuwa pembeni mwa uwanja."

Kisha nikasikia funguo za gari.

Amenipigia Jumatatu. Liban alimwambia daktari kitu ambacho hakumwambia baba yake: lilikuwa pigo la pili ndani ya wiki mbili. Wamemzuia kucheza mpaka watakaporidhika wao. Mtoto amekasirika, amefunga mlango, hasemi na baba yake. Baba Liban alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akasema, "Dada, na anune tu. Mtu aliyenuna yu mzima."

Sasa nikujibu lile swali lako, maana najua ukisoma mpaka hapa utataka kutorokea huko. Nani mkubwa kati ya zama zote? Rashid, tulikuwa tunalinganisha kanda. Tulilinganisha watu walipokuwa na miaka ishirini na mitano, tukaibonyeza mashine ikasimama hapo. Hatukuwahi kutia kanda ya wakati wana hamsini. Wale wa Pittsburgh unaowataja hawakurudi uwanjani kwa sababu walikuwa na moyo kuliko Bilal. Walirudi kwa sababu pembeni palikuwa na mtu kama wewe, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nyamaza. Walicheza vizuri ajabu, nami nitawapenda mpaka nife. Lakini timu ya leo ambayo mchezaji akiyumba anatolewa, anakaguliwa na mtu asiyejali matokeo, na nafasi yake inamngoja, hiyo naiweka juu ya zote ulizowahi kunitajia. Bishana na hilo ukiwa umekaa kitandani kwa mwanangu.

Bilal anaendelea. Amerudi chuo mwezi uliopita, nusu ya masomo. Anaandika kila kitu kwenye simu: saa ya dawa, jina la mwalimu, alikoegesha baiskeli. Anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba na watani wake wanamwita msanii. Mchezo haruhusiwi tena. Hajaweka kinyongo. Nilimweleza yote aliyoyasema Heri, akanisikiliza akachora chora kwa kidole mezani, akaniuliza tu, "Abti hajapiga?" Anauliza hivyo kila wiki chache. Hayo ndiyo yanayonitoa machozi ya hasira, kwamba yeye hataki umwombe msamaha, anataka umsalimie. Na wewe umemkimbia kwa sababu unaogopa macho yangu.

Jana jioni nilimsomea barua hii, yote, polepole, maana kusoma mwenyewe bado kunamchosha. Nilikuwa nimeandika mahali fulani maneno ya kukukana, kwamba tangu leo mimi sina kaka. Bado naona niliyapima sawasawa. Bilal aliinua kichwa akasema, "Hayo yatoe, Mama."

Nikamwambia, "Kwa nini niyatoe? Ni kweli."

Akasema, "Yakibaki, hatapiga."

Nimeyatoa. Nimeyatoa kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Naishia hapa, na hasira yangu ikiwa bado mbichi,

Dada yako, mama yake Bilal